Mguu Huu Usikandwe

Polikarpi alikuwa akimjia mchana.

Wafu wa watu wengine huja katika ndoto na kuondoka jogoo wakiwika. Wa Evangelina alikuja jua likiwa utosini, yeye akiwa ameketi nyuma ya nyumba ya kaka yake kule Kituntu, akimenya ndizi. Alisimama katikati ya migomba amevaa shati lake la hospitali, mdomo wazi, kama mtu aliyepanda mlima mbio na sasa anaitafuta hewa. Hakusema neno. Evangelina akitazama vizuri, hayupo. Lakini kisu kilikuwa kimeshasimama mkononi, na kazi ya siku ile ilikuwa imeshaharibika.

Alikuwa mume wake kwa miaka saba. Evangelina ni Mnyambo wa familia ya Kilutheri. Polikarpi alikuwa Mkatoliki, ambaye babu yake aliuvuka mto Kagera kutoka Rwanda na ng'ombe wachache, akapewa ardhi Ndama. Watu walisema ndoa ile haitafika mbali. Wakapata mtoto wa kiume, Yustus, na kibanja chenye migomba na mibuni ya kuwatosha.

Mwaka 1979 vita vilikuwa vimekwisha, lakini mahandaki ya kujificha mabomu yalibaki katika viwanja vya watu. Jioni moja Polikarpi, akimfukuza ndama, alitumbukia katika handaki alilolichimba mwenyewe. Nyasi zilikuwa zimelifunika. Paja likavunjika. Hospitali ya misheni ikamlaza chali, mguu ukavutwa kwa kamba na uzito, akakaa hivyo wiki nyingi.

Mama yake, Kampire, alishinda naye. Kampire alijulikana Ndama yote kwa mikono yake. Alikanda wazazi waliotoka kujifungua, alikanda watoto wachanga, aliweka sawa vifundo vilivyoteguka. Kila asubuhi alikuja na kibuyu kidogo cha samli. Mguu wa mwanawe ulikuwa umevimba kwenye kigimbi, umekuwa na joto, na ngozi imevutika hadi inang'aa.

"Ni damu iliyolala," alisema Kampire. "Inataka kuamshwa."

Akaukanda kuanzia kifundoni kwenda juu, kwa nguvu, mpaka jasho likamtoka.

Siku madaktari walipomruhusu Polikarpi asimame na magongo, Kampire alimkanda kuliko siku zote, kisha akatoka nje kwenda kuosha kibuyu. Evangelina aliingia na ndizi na maharage ndani ya jani la mgomba. Polikarpi alikula akamaliza, akamtania kwamba amenenepa tangu alipobaki peke yake nyumbani. Akaomba magongo. Akasimama. Uso wake ukabadilika, akaweka mkono kifuani.

"Mama Yustus," alisema. "Hewa."

Akaanguka. Kampire alirudi akamkuta mwanawe sakafuni, na lile jani la mgomba, tupu, liko kitandani.

"Umempa nini mwanangu?" aliuliza. Hakupiga kelele. Aliuliza taratibu, na swali lile ndilo lililokaa.

Pale hospitali walisema moyo umesimama. Kila anayekufa moyo wake husimama. Kwa watu wa Ndama hilo halikuwa jibu. Kikao cha ukoo kilikaa baada ya matanga. Kampire alieleza alichokiona, na hakusema hata neno moja la uongo: mwanangu alikuwa mzima, akala, akafa. Evangelina akaambiwa arudi kwao. Mtoto akabaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo.

Yustus alikuwa na miaka sita. Alilelewa na bibi yake, akafunzwa mambo mengi mema na jambo hili moja, kwamba asile chakula kilichopikwa na mama yake. Wakikutana mnadani, alisema shikamoo kwa mbali na kupita. Evangelina aliitikia marahaba, akamtazama mgongo mpaka umati ummeze.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba hata yeye alianza kuiogopa mikono yake. Huenda ilikuwa ndizi. Huenda maharage yalikaa na kitu. Alisugua chungu kile kwa majivu mara nyingi, kisha akakivunja. Na mchana Polikarpi alikuja, akasimama, akatafuta hewa.

*

Mwaka 1993 Yustus alikuwa kijana wa lori, akipanda juu ya magunia ya kahawa. Kwenye mteremko wa Rubwera lori lilipinduka. Paja likavunjika, na ndani ya tumbo wengu ukapasuka. Alifikishwa hospitali ile ile ya misheni, akapasuliwa usiku na Daktari Leonidas, mwenyeji wa Karagwe aliyesomea Dar es Salaam na kurudi kwao. Alimwokoa.

Habari zilimfikia Evangelina shambani. Alipofika, Kampire alikuwa ameshatandika mkeka wake chini ya kitanda cha mjukuu. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini mikono ilikuwa ile ile, mipana, isiyotetemeka. Wodi nayo ilikuwa ile ile. Mwanga uliingia kwa dirisha lile lile na kuangukia sakafu ya saruji pale pale. Evangelina aliikwepa sehemu hiyo ya sakafu bila kutaka.

"Shikamoo, mama," alimwambia Kampire.

"Marahaba," alijibu Kampire, akageuka kutazama ukuta.

Alimsalimia mwanawe, akaweka kikapu kwenye meza ndogo. Yustus alikitazama kikapu.

"Nimeshiba," alisema.

Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku alirudi na kikapu kilivyo. Hakuacha kuja. Alikaa mlangoni, ambapo hakumzuia mtu njia.

Baada ya siku kadhaa mguu uliovunjika ulianza kuvimba kwenye kigimbi. Asubuhi moja Evangelina alimkuta Yustus anahema kwa shida, amekaa nusu, na leso aliyokoholea ina damu. Kampire alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kibuyu kilikuwa wazi, samli imeshapakwa viganjani, na shuka limefunuliwa.

"Damu imelala," alisema, akinyoosha mikono. "Nitaiamsha."

"Bibi!" Daktari Leonidas aliingia karibu akimbie. "Usiguse! Mguu huu usikandwe!"

Kampire alibaki na mikono hewani. Daktari aliishika kwa upole, akaishusha, kisha akainama kuutazama mguu, akasikiliza kifua cha kijana, akaiangalia leso. Alipoinuka uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Nisikilizeni nyote," alisema. "Mtu akilala muda mrefu na mguu umevunjika, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa, ikawa bonge. Bonge hilo likikaa mguuni, ni maumivu tu. Ukikanda, linaweza kukatika. Likikatika linapanda na damu, linapita tumboni kwa mshipa mkubwa, linaingia moyoni, na moyo unalisukuma kwenye mapafu. Kipande kidogo kimeshafika kwa huyu, ndiyo maana anakohoa damu. Likija kubwa likaziba, basi. Mtu alikuwa mzima, anaongea, anakula. Anasimama, anaitafuta hewa, anaanguka."

Alikuwa akieleza ugonjwa kama unavyoelezwa vitabuni. Mwaka ule wa handaki alikuwa bado mwanafunzi mbali na pale, na hakuna aliyewahi kumsimulia habari za Polikarpi.

Evangelina aliegemea ukuta. *Alikula, akasimama, akaitafuta hewa.* Miaka kumi na minne ilipita ndani yake mara moja kama upepo unaopita katika nyumba tupu na kufungua kila mlango. Halafu akakumbuka kibuyu. Akakumbuka asubuhi ile, jasho kwenye paji la uso wa mama mkwe wake, viganja vikipanda kutoka kifundoni kwenda juu, kwa nguvu.

Alimtazama Kampire. Kampire alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe. Samli ilikuwa ikiyeyuka na kumchuruzika viganjani, na hakuifuta.

*

Kulikuwa na dawa ya kuzuia damu isigande zaidi, alieleza daktari, lakini Yustus hakuweza kupewa bado. Kidonda cha tumboni kilikuwa kibichi. Dawa ile ingemfanya avuje damu ndani mpaka afe. Bila dawa, bonge lingeweza kupanda saa yoyote. Bahati yake ilikuwa kwamba wiki ile hospitali ilikuwa na daktari mgeni kutoka Ujerumani, aliyekuja kufundisha kazi ya mishipa, na katika masanduku yake alikuwa na vifaa ambavyo Leonidas alikuwa amevisoma tu.

Mgeni alifungua kimoja, akakiweka kiganjani. Kilikuwa kitu cha waya, kidogo kuliko kidole gumba, miguu yake imepanuka kama mbavu za mwavuli ulioraruka kitambaa.

"Ni kichujio," alisema Leonidas. "Tutakipitisha shingoni, kwenye mrija mwembamba, tukikifuata kwa eksirei mpaka kwenye mshipa mkubwa wa tumboni. Kinafunguka humo. Damu inapita, bonge likija linanaswa. Si cha kudumu. Kidonda kikipona tutakupa dawa, halafu tutakitoa kabla hakijashikana na mshipa."

Yustus alijigusa shingo. "Na kikigoma kutoka?"

"Kinaweza kugoma. Nikisema hakiwezi nitakuwa nakudanganya."

Kijana alimgeukia bibi yake, kama alivyozoea tangu utotoni kila lilipokuja jambo la kuamuliwa. Kampire hakuinua uso. Alikuwa ameficha mikono ndani ya kitenge. Yustus akangoja, akangoja, kisha akageuka upande wa mlango.

"Mama," alisema. "Wewe unasemaje?"

Evangelina alikuwa hajaisikia sauti hiyo ikimwita hivyo tangu mtoto alipokuwa na meno ya utotoni. Aliogopa kujibu haraka, isije ikavunjika.

"Kubali," alisema. "Baba yako hakupata wa kumwekea."

*

Walimpeleka chumba cha eksirei kabla ya adhuhuri. Wanawake wawili walikaa kwenye benchi la nje, na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Mlango ulikuwa umefungwa. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mgeni, fupi fupi, na sauti ya Leonidas ikimwambia Yustus asitingishike.

Jua lilifika utosini. Evangelina alijua kabla hajainua macho.

Polikarpi alikuwa mwisho wa korido, karibu na mlango wa chumba, na shati lake lile. Mdomo wazi. Lakini hakuwa akimtazama Evangelina, alitazama mlango. Kifua kilipanda na kushuka bila kupata kitu, na kwa mara ya kwanza Evangelina hakutamani aondoke. Alitamani kumwambia, usiingie. Chochote ulichokuja kutaka, usimchukue.

"Na wewe unamwona?" aliuliza Kampire.

Evangelina aligeuka. Mama mkwe wake alikuwa ameinamisha kichwa, macho yake mabovu yakitazama sakafu.

"Namwona."

"Kwako huja lini?"

"Mchana. Nikimenya ndizi."

"Kwangu huja nikipaka samli." Kampire alivuta kitenge kikamfunika mikono zaidi. "Tangu tulipomzika. Nikimkanda mtoto wa mtu, nikifika kwenye goti, nainua uso namkuta amesimama miguuni mwa kitanda. Nilidhani anakudai wewe. Nilimwambia, mwanangu, tulia, tumeshamfukuza. Hakutulia."

Ndani, kitu cha chuma kiliwekwa juu ya sinia.

"Unaikumbuka asubuhi ile?" aliuliza Kampire.

Evangelina alikuwa na maneno. Alikuwa ameyaweka akiba miaka yote hiyo. Alikuwa ameyasema peke yake akipalilia, akichota maji, akilala. Alijua lipi lianze na lipi lifuate. Sasa alikuwa amepewa neno jingine, kali kuliko yote, na mwanamke huyu mzee alikuwa amekaa mbele yake akilingoja.

"Naikumbuka, mama. Ulimkanda kwa sababu mguu ulikuwa unamuuma. Aliniambia bila mikono yako asingepata usingizi."

"Usinifariji. Mimi sikukufariji."

"Sikufariji. Nakwambia alichosema."

Mlango ulifunguka. Leonidas alitoka, kofia ya kitambaa imelowa. "Kimekaa mahali pake," alisema. Evangelina alipotazama tena mwisho wa korido, palikuwa na kiti cha wagonjwa cha magurudumu na mwanga wa jua, basi.

*

Kidonda cha tumbo kilipona polepole. Yustus alianza kupewa dawa kidogo kidogo, na ikafika siku ya kukitoa kichujio. Mgeni alikuwa ameshafunga masanduku yake. Kwanza walipiga picha kwa dawa ya rangi. Leonidas aliileta wodini, akainua kwenye dirisha ili Yustus aone.

Mbavu za waya zilionekana vizuri. Ndani yake, palipotakiwa pawe peupe, palikuwa na kitu cheusi, kinene kama kidole, kimelala kimejikunja.

"Hilo lilikuwa linakuja kwangu?" aliuliza Yustus.

"Lilikuwa linakuja."

Kijana alirudisha kichwa kwenye mto akafumba macho. Kampire alijivuta kutoka mkekani, akaisogelea picha mpaka pua ikaikaribia.

"La baba yake lilikuwa hivi?"

Leonidas alikuwa ameshasimuliwa na Evangelina. Alifikiri kabla ya kujibu. "Bibi, sikuwepo, na marehemu hakupasuliwa akaangaliwa. Kwa jinsi mlivyonieleza, nadhani ndivyo. Kwa uhakika hatajua mtu."

"Na kukanda?"

"Bonge hukatika hata lenyewe. Mtu akisimama tu. Akikohoa tu."

"Nimekuuliza kukanda."

Daktari alishusha picha. "Kukanda huweza kulikata," alisema.

Kampire aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa mzigo na kukuta una uzito aliokuwa ameukisia.

Kichujio hakikuweza kutolewa na bonge ndani yake. Mgeni aliahirisha safari, dawa ikaongezwa, wakangoja lile jeusi liyeyuke. Zilikuwa siku mbaya kuliko zote, kwa sababu sasa walijua lilipo. Yustus akigeuka kitandani, wanawake wawili waliacha kupumua. Akikohoa, Kampire alishika rozari. Picha ya pili ilionyesha kipande. Ya tatu ikaonyesha waya mtupu, na siku hiyo hiyo wakakitoa kwa kindoano chembamba, kupitia shingoni kama kilivyoingia. Leonidas alisema kilishaanza kung'ang'ania, na kwamba mgeni alitokwa jasho.

Siku ya kujaribu kusimama, Yustus aliamka na njaa.

"Mama umeleta nini?" aliuliza.

Evangelina alifungua kikapu kwa mikono iliyokuwa baridi. Yustus alikula ndizi na maharage, taratibu, mpaka mwisho. Kampire alikuwa amekaa wima mkekani. Muuguzi alipoleta magongo, Evangelina alitaka kupiga kelele asubiri, walau chakula kishuke, walau kesho.

Yustus alisimama.

Aliyumba. Akaweka mkono kifuani. Evangelina aliona mdomo wake ukifunguka, akaona na ule mwingine, akashindwa kujua anautazama upi. Kisha kijana akavuta pumzi ndefu yenye kelele, akaitoa.

"Kizunguzungu tu," alisema. "Nimelala sana."

Akapiga hatua. Kampire alikuwa analia bila sauti, na hakuinua mkono kujifuta.

*

Waliporudi Ndama, Kampire aliomba kikao cha ukoo kiitwe tena. Baadhi ya waliokaa kile cha kwanza walikuwa wameshakufa, waliobaki walikuja. Alisimama akasema mke wa mwanawe hakuwa na hatia, na kwamba aliyeugusa mguu asubuhi ile ni yeye. Wazee walimwambia, kaa chini mama, hayo yamepita. Walimrudishia Evangelina haki yake kwenye kibanja, wakampa mbuzi wa kuomba radhi. Aliwashukuru, akarudi Kituntu. Hakuwa na hamu ya kulala katika nyumba ile.

Lakini neno likishasemwa kikaoni haliwezi kurudishwa. Halikumaliza msimu kabla halijageuka. Wanawake waliokuwa wakimletea Kampire watoto wao walianza kupitia njia nyingine. Kisimani likaanza kusemwa kwa sauti ya chini: yule bibi alimuua mwanawe kwa mikono yake, akamsingizia mkamwana. Mtoto wa jirani alipopata degedege, mama yake alikumbuka kwamba Kampire alimbeba siku ile. Yustus, akichechemea, alikwenda Kituntu kumweleza mama yake. Alisema bibi hatoki tena ndani, na hata ugali wake anaula kwa kijiko kilichofungwa kitambaa mpini, mikono yake isiuguse.

Evangelina alikwenda Ndama siku iliyofuata. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kisimani, akaweka ndoo yake chini mbele ya wote.

"Kuna mtu ana la kusema juu ya mama mkwe wangu?" aliuliza. "Aniambie mimi. Neno hilo mlinivika mimi miaka kumi na minne, nalijua lilivyo. Hakuna atakayemvika yeye nikiwa hai."

Wanawake walitazama maji. Mmoja alikohoa. Mwingine, mama wa yule mtoto wa degedege, alimsaidia kujitwisha ndoo.

Akapanda nayo kilima mpaka kwenye kibanja. Migomba ilikuwa imeachwa, majani makavu yananing'inia kila mahali. Kampire alikuwa ndani, gizani, amekaa juu ya mkeka.

"Nani?"

"Mimi, mama. Nimekuja kukaa."

"Kitanda cha chumba cha nyuma kina kunguni," alisema Kampire.

"Nitakitoa juani," alisema Evangelina, akaenda kukitoa.